Kabla Hujang'oa Ubao wa Tatu

Buhongwa, Mwanza

Kwako mdogo wangu Bwire,

Marahaba. Najua hujaniamkia, maana hata simu yangu hupokei, lakini mimi ni mkubwa wako na nimeshaitikia. Mgongo wako unaendeleaje? Mihogo imepata mvua huko kisiwani? Mimi goti linapona. Daktari kasema nikae mwezi mmoja zaidi hapa kwa mwanangu Nyangeta, kwa hiyo mtumbwi utaumaliza bila mimi.

Neno la kwanza, ule ubao wa tatu wa ubavu wa kushoto usiung'oe. Kama umeshika mtaimbo, weka chini kwanza, usome barua hii mpaka mwisho.

Nyangeta alinipa simu ya kupangusa. Mimi niliyejenga mitumbwi ambayo mpaka leo hakuna hata mmoja uliozama, nikasema kioo kitanishinda nini. Kimenishinda. Nabonyeza, hakisikii. Vidole vyangu vimeota sugu kwa kushika tezo ya kuchongea mbao, simu inadhani naigusa na kijiti. Nikikandamiza inafungua mambo ambayo sikuyaita. Nyangeta ananiambia, "Baba, hupigilii msumari. Gusa tu." Nikamjibu kugusa tu ni kwa watu wasio na kazi. Ile alama ya kufungulia nikaikosea mpaka simu ikanifungia, ikasema nisubiri. Mtu mzima nasubirishwa na kitu nilichokichaji mwenyewe.

Ndipo shemeji yangu, mkeo, akaweka picha ya mtumbwi kwenye kundi la ukoo. Nikaikuza kwa vidole viwili, hilo nilishalijua. Nikaona ubao wa tatu umepinda kama mgongo wa ng'ombe mzee. Hasira ikanipanda, nikashika pale pa kurekodia sauti nikasema yale uliyoyasikia, kwamba umeharibu mvule mzuri, kwamba miaka yote nimekufundisha bure, kwamba uung'oe kabla hujaniaibisha mwaloni mbele ya wavuvi wote.

Bwire, nilidhani nasema na wewe peke yako. Kumbe nimesema na ukoo mzima mpaka wakwe zako. Nikamwambia Nyangeta aifute. Akasema, "Wameshasikiliza, baba. Shangazi ameshajibu." Dada yetu Nyabise alikuwa ameandika, "Huyo ndiye Masatu, hata goti halijamtuliza." Sikujibu kwa sababu herufi zenyewe ni ndogo kuliko kidole.

Sasa sikiliza. Juzi nilimaliza benchi la Nyangeta, la kukalia wateja wake wa kushona. Benchi zuri, Buhongwa hawajaona lingine kama hilo. Nikasogea karibu nikalipiga picha, niiweke kwenye kundi watu waone kazi ya fundi. Pichani benchi limepinda. Nikaleta kamba nikaivuta toka mwanzo hadi mwisho, benchi limenyooka. Nikapiga tena, limepinda tena. Nyangeta akachungulia akasema, "Ukipiga karibu sana, simu inapindisha vitu vya pembeni. Hukujua?"

Nikakaa juu ya benchi langu, kamba bado mkononi. Akaniuliza kama ni goti. Nikasema ndiyo.

Tangu hapo nakupigia hupokei. Nikampigia shemeji, akasema, "Hajaung'oa bado, kila siku anauzunguka tu na mtaimbo," halafu akasema utanipigia ukipenda, akakata. Ndipo Nyangeta akacheka, "Andika barua, baba. Barua hata ukikosea haiendi kwenye kundi." Nimeiandika siku mbili kwa darasa la tatu langu, bila kusaidiwa. Atakuletea mama mmoja wa dagaa anayepanda meli kesho.

Vuta kamba wewe. Jicho lako likisema ubao umenyooka, basi umenyooka, uendelee na wa nne. Usinitumie picha nyingine ya kuniuliza. Aliyeko mtumbwini ni wewe, mimi niko kwenye kioo.

Na barua hii usiikunje ukaweka mfukoni. Isomwe mwaloni kwa sauti, na shemeji airekodi aiweke kwenye kundi, maana waliosikia lile wasikie na hili.

Nisalimie shemeji, mwambie siku nyingine arudi nyuma hatua tano ndipo apige. Dada Nyabise mwambie nimemsikia. Wakwe zako wape heshima yangu.

Ni mimi kaka yako, Masatu, fundi aliyekufundisha, wala hakukufundisha bure.