Sauti ya Macdara Kabla ya Jumanne

Carna, Galway
Tarehe 17 Julai

Dada yangu Attracta,

Nakusalimu kwa moyo wangu wote. Vipi mguu? Mama aliniambia plasta imetolewa na umeanza tena kumtukana yule ng'ombe aliyekupiga teke, nikajua unapona. Nilikuahidi nikusimulie harusi yote kwa kuwa hukuweza kuja, na sasa wiki saba zimepita. Utanisamehe ukishasoma, au hutanisamehe kabisa.

Attracta, sidhani kama kuna mwanamke mwingine Ayalandi nzima aliyeolewa na sauti kama nilivyoolewa mimi. Unakumbuka nilivyompata Macdara: ukumbi wa parokia, mtu mrefu mwenye sweta iliyotoboka kiwikoni, filimbi ya mpingo mdomoni, macho kayafumba. Akipuliza husikii pumzi ikiingia, unasikia wimbo tu ukienda zake. Kisha anailaza filimbi mapajani na kuimba ubeti uleule alioupuliza, bila chombo chochote, na watu wanaweka glasi chini. Mwandishi mmoja wa gazeti alisema Macdara ana roho ya Kiselti, ya mababu wa Ayalandi, ya miaka elfu mbili. Mwenyewe alicheka siku nzima, akasema roho yake ni ya chai na viazi. Mimi ule ukurasa nimeubandika ndani ya mlango wa kabati.

Siku ya harusi, baada ya keki, wakamwita aimbe. Huku kwao mwimbaji haachwi peke yake. Mtu wa karibu humshika mkono na kuuzungusha taratibu kwa mwendo wa wimbo mpaka mwisho. Miaka yote aliyemshika ni mzee Peadar, jirani yake. Siku ile Peadar aliinuka akanipa kiti chake, akasema kwa sauti iliyofika jikoni, “Haya, binti uliyetoka Roscommon, kazi ni yako sasa. Mzungushe polepole, huyu si ndoo ya kisimani.”

Nikamshika. Kila ubeti ulipoisha wazee walinong'ona, Mungu akupe nguvu, na mimi nilisikia kila pumzi mkononi kabla haijawa wimbo. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na sitakuwa nayo tena. Kwenye ubeti wa saba vidole vyake vilinibana, sauti ikakwaruza. Watu wakafuta machozi wakidhani ni mapenzi.

Ilikuwa saratani ya koo. Jumanne ijayo wataondoa kisanduku chote cha sauti, na atapumua kwa tundu shingoni. Daktari alieleza kwa upole kwamba pumzi haitapita tena mdomoni, kwa hiyo filimbi nayo imekwisha, si nyimbo tu. Macdara akauliza kama ataweza walau kumpigia mbwa mluzi. Daktari akatazama karatasi zake.

Tangu hapo anapuliza kila asubuhi, anakatika, anakohoa, anaanza tena. Jana alinipa filimbi niipake mafuta, akasema mpingo usipopulizwa hukauka ukapasuka, basi nijifunze. Nikapuliza, ikatoka hewa tupu. Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nikaingia bafuni, nikafungua maji ili asinisikie.

Majirani wanakuja na mikate. Peadar hukaa karibu na jiko akiilaani hospitali, eti mtu anaonwa na daktari wa kijiji mwezi wa tatu, wao wanampima mwezi wa sita. Macdara humtuliza, humwambia orodha ni ndefu na hakuna wa kulaumiwa. Mimi namimina chai.

Dada, hospitali haikuchelewa. Barua yao ilifika tarehe nne Aprili. Nilikuwa nyumbani kwake napaka rangi jikoni, naye yuko kazini kwenye vizimba vya samaki. Nikaifungua. Walimtaka tarehe kumi na tano, na waliandika kwamba baada ya kukatwa kipande kidogo cha koo cha kupima hataimba wala kupuliza kwa wiki nane. Nikahesabu, zilivuka harusi. Nikapiga simu, nikasema mimi ni mkewe, na wakati ule sikuwa mkewe, nikaomba tarehe ya Juni. Barua nikaitia motoni, ikaungua. Nilidhani ni koo la mwimbaji tu, limechoka. Nilitaka aniimbie, Attracta. Nilitaka nimshike mkono mbele ya watu wote.

Daktari alisema kama angepimwa mwezi wa nne, labda mionzi peke yake ingetosha. Alisema labda. Neno hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Nilifikiri nimwambie akishapona, akiwa na nguvu. Kisha nikaona nampangia tena tarehe, kama nilivyompangia mwezi wa nne. Akishakatwa ataandika hasira yake kwenye kibao, na mimi ninaweza kugeuza uso nisisome. Kwa hiyo nitamwambia Jumapili, baada ya misa. Chochote atakachoniita, nataka akiseme kwa sauti ile, na nikisikie chote.

Mama usimwambie bado. Msalimie shemeji, na wabusu mapacha kwa niaba yangu. Wakiuliza baba mdogo wa filimbi anakuja lini, usiwaahidi kitu. Niombee, hata kama umekasirika.

Mdogo wako,
Dympna