Sirudi kwa Ajili ya Tambiko

Kambi ya Mkonge,
Njia ya Pangani, Tanga.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limekupa nafuu katika baridi hiyo ya Mlalo. Mimi napumua, namshukuru Mungu. Nimeandika kwa sababu simu yako anaishika Baba mdogo Nehemia, na maneno haya ni yako kwanza.

Rafiki yangu Castory amenifikishia ujumbe kwamba Baba mdogo anasema uchovu wangu ni hasira ya marehemu baba, hivyo nirudi tufanye tambiko kabla mchungaji hajajua. Mama, jibu langu ni hapana.

Huku wakata mkonge tuna desturi yetu. Huli mpaka umalize ngwe, yaani kipande chako cha kazi cha siku. Wanasema tumbo lililojaa humfanya mtu mzito. Asubuhi ni chai kali ya rangi na vidonge vya maumivu, basi. Nimeishi hivyo miaka, mpaka nikawa naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Daktari alinipima akasema damu imepungua, vidonge vimenichubua tumbo, na mwili umeishiwa vitamini. Akanichoma sindano, akanikataza vile vidonge, na chai nisinywe pamoja na chakula. Akasema asubuhi nile: dona, dagaa, mchicha, na mtindi kidogo kidogo.

Nilipofungua bakuli la mtindi shambani, Badru, mwenzangu wa chumba, aliniuliza mimba ina miezi mingapi. Nikamwambia ajiandae kulea. Watu walicheka, ila mnyapara hakucheka. Alisema anayekula kabla ya kazi atapewa mistari ya mbali, kwenye magugu na nyoka. Nikamjibu, "Nipe, mzee. Nitakula hata huko." Akanipa kweli. Siku hizi Badru naye huja na kiporo, anakila kwa kujificha.

Mama, liko neno sijamwambia hata Castory. Sijapona. Tumbo limetulia na kizunguzungu kimekwisha, lakini zipo siku mwili unagoma kabisa, na daktari anasema huenda ukaendelea kugoma kwa muda mrefu. Baba mdogo akisikia atasema, mnaona? Mwache aseme. Baba alinipenda, na sitakubali asingiziwe huko kaburini kwamba anamtesa mwanawe. Mwili ukigoma nitakaa chini palepale kwenye mstari wangu, nitakula, nitapumzika, kisha nitanyanyuka. Mnyapara atazame akipenda.

Nisalimie dada Ruthi na wanawe. Baba mdogo pia msalimie, kwa heshima zote.

Ni mimi mwanao, mchovu lakini sina laana,

Asheri