Komeo la Bunduki ya Kibelgiji

Gulfton, Houston
Oktoba 2004

Yaya wangu mpendwa Nabintu,

Nakusalimu kwa upendo, wewe dada yangu mkubwa, shemeji na watoto, na zaidi mama yetu. Goti lake limepata nafuu? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Utaona anwani imebadilika. Sasa nakaa Houston kwa rafiki yangu Lydiah, muuguzi Mkenya.

Unajua kule Haltom City nilikuwa kazi moja na Melkiori, mchumba wangu. Tajiri wetu hununua bunduki kuukuu za majeshi zilizovunjwavunjwa, huuza vipuri kwa wanaozikusanya. Vinakuja vimechanganyika kwenye mapipa, vimejaa grisi. Mimi naviosha, Melkiori anavitambua: hiki cha Mturuki, hiki cha Mjerumani. Kwa kawaida hutazama kwanza kitabu cha picha. Siku ile alishika komeo, lile linalofungia risasi ndani, akasema ni la bunduki ya Kibelgiji, kitabu hakukigusa. Nikamtania, amelijulia wapi?

Hakucheka. Alisema inafaa nijue kabla hatujafunga ndoa. Wakati wa vita wapiganaji walimkamata shambani, wakampa bunduki ya namna ile. Wakampeleka kijiji chenye kanisa la matofali lisilo na paa, wakamwamuru ampige risasi mwalimu mmoja aliyeshika redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Komeo likakwama. Mwalimu akadhani amehurumiwa.

“Alinishika mkono, akasema asante mwanangu,” Melkiori aliniambia. “Na mimi nikalikwamua.”

Ni baba, yaya. Redio ile, kanisa lile: ni baba yetu.

Nilikuwa nimemwambia tu kwamba baba alikufa vitani. Hakuuliza wapi. Huku wengi wetu hatuulizani. Siku ile nilirudi kuosha vipuri mpaka saa ya kutoka, na kesho yake nikapanda basi. Anapiga simu, Lydiah anamjibu sipo. Anadhani nimemkimbia kwa sababu aliua mtu. Hajui aliua nani.

Mwambie mama harusi haipo. Sababu, uamue wewe kama ataiweza. Ila hili libaki kwetu wawili: bado nampenda. Jana Lydiah alikuwa kazini, nikapokea simu mwenyewe. Aliniita jina langu, mara mbili. Sikujibu, yaya, wala sikukata.

Nisalimie wote wanaoniulizia, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Clothilde