Kanisa, daraja na nywele za Béa

Jumanne jioni, Agosti 2013

Eti watalii wanapanda ndege kwenda kuona mahali wanawake wa zamani walipofulia nguo! Mdogo wangu Béa ametuma picha za kamji kake kapya kule Ufaransa: kanisa la mawe, daraja la kale, na hilo bwawa la kufulia. Saluni nzima tulicheka. Mama Chantal, msusi mwenzangu, akasema, "Eish, waje huku mtaani kwetu Albert Park, waone sisi tunavyofulia kwa beseni!"

Halafu nikaikuza picha ya darajani. Béa anatabasamu, kitambaa kimeteleza kichwani. Misuko ile ni yangu. Nilimsuka mimi kabla ya Krismasi, siku aliyoondoka, miezi minane sasa.

Ameniandikia mimi dada yake mkubwa, "Yaya, huku kila kitu iko."

Kila kitu, ila mtu wa kumsuka.