Futi Kiunoni mwa Kaka Yako

Chumba cha Ushonaji,
Ghorofa ya Pili, juu ya duka la vioo,
14 Machi.

Mpendwa Wifi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Wodini bado wanakupangia zamu za watu wawili, kana kwamba hawana muuguzi mwingine? Sisi hatujambo, tena safari hii nalisema neno hilo kwa moyo wote.

Najua umeshangazwa na kimya changu cha wiki sita. Nilikuwa nimekununia. Uliandika tusitosheke na mizani, tujipime na viuno, visipite nusu ya urefu wetu, kisha tupimwe damu. Mimi nikaona neno kiuno tu. Nikasema, haya, leo wifi kaniita bonge kwa kalamu! Barua nikaitia kwenye kopo la vifungo, nikafunika.

Jumapili moja nikachukua futi, nikajipima, nikampima na kaka yako, ili nikuandikie jibu la kukukomesha. Unamjua alivyo: mikono kama ufito, kila mgeni humsifu kwa kutonenepa. Kumbe kwa kuketi kutwa akiinamia saa za watu, kiuno chake kimepita nusu ya urefu wake! Mwaka huu suruali zake nimezipanua mara mbili, wala sikujiuliza kwa nini. Mganga hajigangi.

Tukaenda zahanati. Muuguzi akatupima uzito na urefu, akapiga ile hesabu yao ya BMI, akatuonyesha chati. Mimi nimo kwenye nyekundu, yeye kwenye kijani. Kaka yako akachukua kofia yake.

"Mimi nimefaulu, mama. Anayerudia darasa ni wewe."

Benchi zima likacheka. Nikamshika shati. "Keti hapo. Dada yako kasema damu."

Wifi, sukari yake ilikuwa juu mno, na presha nayo juu. Mimi bonge, sukari yangu safi! Daktari, mama mmoja mpole, alitueleza kuwa hesabu ile inajua kilo na urefu tu. Haijui kama kilo hizo ni misuli au mafuta, wala mafuta yamejificha wapi. Inafaa kwa kuanzia maswali, ila wapimaji wasiishie hapo. Nami hakuniacha: alisema magoti yangu yanabeba mzigo, nitembee.

Kilichoniliza ni macho yake. Kwa miezi kaka yako alilaumu balbu, akabadilisha tatu. Daktari alisema ni sukari, na tungezidi kukawia angeweza kuyapoteza kabisa. Fundi saa asiyeona angefanya nini, wifi? Sasa anameza dawa, anatembea nami kila asubuhi huku akinung'unika, na juzi alifungua saa ndogo ya kike bila kuniita nimtafutie skrubu. Nilijifanya natia uzi kwenye sindano, asione ninavyolia.

Mwambie Mama mwanawe anaendelea vizuri, ila asimletee tena vitu vitamu. Msalimie shemeji, na yule kitinda mimba wenu mwenye maswali mengi. Mola akuzidishie kila ulichotutakia.

Nilikukasirikia, na siku zote hizo kaka yako alikuwa akipoteza macho hapa mbele yangu. Ulimwona kutoka mbali, mimi ninayelala naye nisimwone. Ahsante, dada yangu. Nisamehe.

Wako akupendaye,
Mke wa kaka yako.