Busta Yenye Radio

Jumatatu, 3 Juni
Tumesukuma tena. Baridi ya kambi ya Dzaleka imeingia na gari halitaki kuwaka asubuhi. Mimi, mdogo wangu Aline na majirani wawili nyuma, mume wangu Baba Neema kwenye usukani anapiga kelele "Sukumeni!" kama vile sisi njo tumelala. Mama yangu ndani, amevaa kitenge chake kizuri, anauliza kama tumeshafika kwenye lami. Haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili.

Halikuwaka. Zamu yake ya upasuaji kule Lilongwe imepita.

Jumanne, 4 Juni
Nimepiga simu hospitali. Mleteni Jumatano ya wiki ijayo, wamesema. Baada ya hapo daktari wa macho anaondoka, na kurudi kwake hakujulikani. Mama amesema tu, "Haina neno." Heri angenigombeza.

Fundi anasema batri imechoka, baridi njo inaimaliza. Mpya ya saizi yetu ni mpaka kuagiza, haitafika kwa wakati. Tutafute busta: kisanduku cha kubeba mkononi, unakichaji nyumbani, unakibana kwenye batri, gari linawaka bila kuomba msaada wa gari lingine. Baba Neema amefurahi kama mtoto. Anakwenda kununua mwenyewe. Nimemwambia injini yetu ni ya mazuti, dizeli, inataka nguvu kuliko ya esansi, petroli. Amesema anajua.

Alhamisi, 6 Juni
Amerudi anacheka. Busta yake ina tochi. Ina taa nyekundu ya kuwakawaka. Ina radio.

Radio!

Nimeishika. Nyepesi kama boksi la biskuti baada ya batoto kupita. Waya nyembamba kama kamba za viatu. Juu ya boksi wameandika namba kubwa ya kutisha.

"Si uone namba, Mama Neema."

"Namba njo itawasha gari?"

Alikuwa tayari anatafuta stesheni.

Ijumaa, 7 Juni
Tumeijaribu kwenye baridi yenyewe. Tak-tak-tak. Kimya. Waya zikapata moto, plastiki ikanuka. Radio inaimba vizuri kabisa.

Nimeingia ndani nikalia. Si huzuni. Hasira. Baba Neema anasema labda haikujaa chaji. Akaichaji tena. Jioni akajaribu. Tak.

Jumamosi, 8 Juni
Hatusemeshani. Nimeomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini. Jumatatu naenda mwenyewe kutafuta busta ya kweli. Amesema, "Kwani we njo mekanisie?" Si fundi wa magari. Mi ni mtu aliyechoka kusukuma.

Jumatatu, 10 Juni
Miguu inauma. Baba Neema amenifuata, hakuna aliyemwita. Mchesi, humo Lilongwe, tumeingia duka kwa duka. Kila muuzaji ana ya radio. Mmoja akaniambia, "Amayi, hii inawasha hata lori." Nikasema twende tuijaribu kwenye lori. Akakasirika, akairudisha kwenye rafu. Wa pili vilevile. Wanataka ulipe kwanza, uamini baadaye.

Duka la mwisho ni la Mrundi mmoja, Nestor. Nimemuuliza: hii ni ya mazuti ao ya esansi? Wakati wa kuwasha inatoa nguvu kiasi gani kweli, tuache ile namba ya juu ya boksi? Na mtu akikosea kubana, nyekundu mahali pa nyeusi, inakataa ao inaungua?

Akaniangalia. "Mama, nani amekutuma?"

"Mgonjwa."

Akatoa moja kutoka chini ya meza. Nyeusi, mbaya, nzito mpaka nikaishika kwa mikono miwili. Waya nene. Hakuna tochi, hakuna kitu. Nikasema silipi mpaka nione. Amenung'unika Kirundi chote anachokijua, lakini akatoka nayo. Jirani yake ana pikapu ya mazuti ambayo kila asubuhi inasukumwa. Akabana. Ikanguruma, moshi mweusi, kuku wakatawanyika. Nimepiga vigelegele katikati ya barabara, mimi mtu mzima.

Baba Neema akasema, "Lakini haina hata radio."

Nimehesabu pesa, nikampa Nestor.

Jumatano, 12 Juni
Baridi kuliko siku zote. Mama ndani ya gari, Aline anamshika. Baba Neema akabana nyekundu kwenye batri, nyeusi kwenye chuma cha injini. Akasema niwashe mimi. Nimewasha. Likawaka. Aline akafunga mlango polepole, tuliogopa kulishtua.

Kwenye kizuizi polisi akasema tuzime. Nimemweleza tunapeleka mgonjwa. Zimeni. Tukazima. Akasoma karatasi zetu polepole, mbele na nyuma, hata upande usioandikwa. Nilitaka kumng'ata. Aliporudisha, Baba Neema akashuka na busta, akafungua boneti, gari likawaka mara moja. Polisi akasogea kuangalia. Eti tumeinunua wapi?

Tumefika. Wamemwita mama kwa jina lake. Jicho moja kwanza. Ameshika kidole changu mpaka mlangoni, halafu muuguzi akamchukua.

Baba Neema amekaa na mimi kwenye benchi. Baadaye akasema, "We njo ulikuwa na haki." Sijamaliza kukasirika. Lakini nimemkatia nusu ya mkate wangu.

Ijumaa, 14 Juni
Bandeji ilitoka jana, tukarudi nyumbani. Leo mama amekaa uani, penye jua. Nilikuwa nimechambua maharagwe ya mchana, nikayaacha kwenye ungo karibu naye. Nilipotoka jikoni nikamkuta ameinama. Akatoa kijiwe ambacho mimi sikukiona, akakiweka pembeni. Akatafuta, akatoa kingine.

Nikakaa chini, karibu na miguu yake.