Sahihi Yako kwa Mlango wa Mama

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Chini.
9 Oktoba.

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Mgongo uliokuwa ukikusumbua unaendeleaje? Wifi na mabinti hawajambo? Sisi huku wazima, ila moyo wangu uko juu juu, na wewe ndiye wa kuushusha.

Mama anakula vizuri na ulimi wake una makali yaleyale. Miguu ndiyo imegoma. Machi, majirani wawili walikuwa wakimshusha na kiti chake cha magurudumu, mmoja akateleza kwenye ngazi za mlangoni. Tangu hapo amekataa kubebwa. Miezi saba hajatoka nje. Shoga yake, yule fundi cherehani wa jirani, alizikwa Julai. Mama alibaki dirishani akiwatazama watu wakipita.

Fundi seremala amepima. Kiti kimeuzidi mlango wa mbele kwa vidole vinne. Anataka kuubomoa ukuta kidogo upande mmoja, mlango uleule urudishwe na ubao wa kuongezea, na zile ngazi mbili zifunikwe kwa mteremko. Ni kazi ya siku nne. Lakini unajua mtaa wetu wote umeorodheshwa kuwa wa kihistoria, hata msumari wa nje unaombewa kibali.

Nimezunguka ofisi ya majengo ya kale kama pia. Afisa wao, mama mmoja wa miwani, alikuja akaupima mlango muda mrefu mpaka shemeji yako akaniuliza kama anaushonea gauni. Hana ubaya. Alituambia ombi litapita, mradi warithi wote wa nyumba waweke sahihi za wino. Warithi ni mama, mimi na wewe.

Fomu nilikutumia Agosti. Ukajibu kwa simu: "Baba ameshasema. Msiuguse." Najua ulichomaanisha. Kwenye faili la nyumba kuna mchoro wa baba, wa enzi alipokuwa mchoraji wa ofisi hiyohiyo, na pembeni ameandika kwamba mlango wa mbele usipanuliwe kamwe. Nimeuona. Nilipoutambua mwandiko wake nililia mbele ya afisa bila haya.

Lakini nimekasirika pia, kaka, na sitakuficha. Baba aliandika hayo wakati mama akizipanda ngazi zile na ndoo mbili za maji. Wewe unaulinda mwandiko. Mimi ndiye ninayemgeuza mama kitandani. Nilipomwambia kilichoandikwa, mama alisema, "Baba yenu angekuwepo angeshika nyundo mwenyewe, halafu agombane na fundi."

Kamati inakaa tarehe thelathini mwezi huu. Ikikosa sahihi yako faili linafungwa, na ombi jipya halipokelewi mpaka ipite miaka miwili. Mama ana miaka themanini na mmoja.

Nimekuwekea fomu nyingine humu ndani. Nisalimie wifi na mabinti. Shemeji yako naye anakusalimu sana. Mungu akupe afya na akulainishe moyo.

Salamu za mama nimeziacha mwisho kwa sababu zina aibu yangu. Jumapili nilikaa mezani nikajizoeza sahihi yako nyuma ya bahasha. Ilitoka sawasawa, hata wewe ungedanganyika. Nilikuwa nimeshaivuta fomu karibu mama alipokisukuma kiti chake akanipokonya kalamu. "Mwanangu ataandika kwa mkono wake," akasema. "Asipoandika, nitakaa ndani." Tangu siku hiyo hajautaja mlango tena.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,

Kijiko